Waridi la Mita Mia Mbili na Kumi na Mbili

Tulipoachana wiki iliyopita, Dada Lenzi alikuwa amepiga magoti katika banda la sampuli, jiwe mkononi, ulimi nje. Ulimi bado uko nje. Mwacheni aurudishe kinywani kwanza, ndipo tuendelee.

Kwa aliyechelewa kufika: huyu ni mwanajiolojia. Mtambo unatoboa ardhi na kutoa miche ya mwamba, mirefu na mviringo kama mchi wa kutwangia. Miche inapangwa kwenye trei kwa kufuata kina chake, kushoto kwenda kulia, kama maneno kwenye ukurasa. Kazi yake ni kuisoma. Anaipulizia maji, anaitazama kwa lenzi inayoning'inia shingoni, kisha anaandika kwenye fomu kila sentimita ina nini. Chupa ya maji ikiisha, analamba. Jiwe likilowa ndipo linapoonyesha rangi yake. Wanajiolojia wote hulamba, ila hawasemi nyumbani.

Na siku hiyo, mita mia mbili na kumi na mbili chini ya ardhi, katikati ya mwamba mgumu mweusi, Dada Lenzi alilamba waridi.

Waridi la samawati, petali tano, kwenye kigae cheupe cha sakafu. Chini ya kigae, saruji. Kitu chenyewe urefu wake sentimita kumi na moja, kimekatwa mviringo safi, kimelala kwenye trei baina ya mawe meusi kana kwamba kilizaliwa pale.

"Kina ladha gani?" sauti iliuliza nyuma yake.

Alikuwa Mzee Bomba, fundi mkuu wa mtambo, amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ya sabuni ya kudekia," alijibu Dada Lenzi.

"Ardhi ina mambo mengi."

"Mzee, hiki ni kigae."

"Si nimekwambia, mambo mengi."

"Hiki ni kigae cha nyumbani kwa mama mkwe wangu. Nimekideki miaka minne. Nakijua kuliko ninavyoujua uso wangu."

Mzee Bomba akainama kutazama viatu vyake, akaona vina vumbi, akatoka nje kuvifuta. Hakurudi.

Sasa, mtambo wakati mwingine huleta miche pungufu. Mwamba unasagika huko chini, unageuka tope, na kipande hakiji. Hapo fundi muungwana huweka kibao kidogo kwenye trei, akaandika IMEPOTEA na urefu wake. Ni jambo la kawaida, halimuui mtu. Lakini Mzee Bomba ana miaka ishirini na miwili kwenye mtambo na hajawahi kuandika kibao hicho hata mara moja. Anajisifia hilo kama wengine wanavyojisifia wajukuu.

Dada Lenzi alitazama saa. Saa nane. Saa kumi fomu ilitakiwa iwe na saini yake.

Saini hiyo haikuwa mchezo. Tangu mwanawe hajaota jino, Dada Lenzi yuko kwenye mikataba ya miezi mitatu mitatu, na huu wa sasa unaisha Ijumaa. Akipata ajira ya kudumu, anabaki kambi hii hii, jioni anarudi, analala na mtoto wake. Asipopata, anahamishiwa kambi ya mbali, siku mbili barabarani, mahali pasipopokea watoto. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa, anaonekana nyumbani kama mgeni rasmi. Mtoto wa miaka miwili angebaki na bibi yake na kujifunza kumwita mama yake shangazi.

Barua ya ajira ilishachapwa. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Meneja, pembe moja imechungulia nje.

Na huyo Meneja ndiye aliyeingia sasa, mbiombio, akifuatana na Mtaalamu kutoka makao makuu.

Mtaalamu alikuwa na shahada tatu na kofia ngumu ambayo bado ilikuwa na karatasi ya dukani. Mara ya mwisho kushika jiwe, alikuwa anamrushia mbwa.

"Mita mia mbili na kumi na mbili," Meneja alisema. "Wakubwa wote wanasubiri hizo tu. Zikiwa na kitu, tunaendelea kuchimba. Zikiwa hazina, tunafunga shimo. Tuambie, dada yangu, tumepata nini?"

Dada Lenzi akasogea pembeni ili waone.

 Meneja akashika kifua, upande ule wenye barua.

"Lina maua," alinong'ona.

"Ni sakafu, Meneja."

Meneja hakusikia. Alikuwa ameshachukua fomu. Dada Lenzi, kwa mazoea tu ya mkono, alikuwa ameshajaza nafasi kama ajazavyo siku zote: Rangi, nyeupe na samawati. Chembe, hazionekani. Ugumu, kisu hakikwaruzi. Muundo, petali tano.

"Ona mwandiko ulivyotulia," Meneja alimwambia Mtaalamu. "Mtu mwenye wasiwasi hawezi kuandika hivi."

Mtaalamu alichukua lenzi, akaishika kinyume, akatazama. Akalamba. Akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi wa harusi. Kisha akaomba chupa ya asidi, ile wanayodondosha tone moja juu ya jiwe kuona kama litatoa povu. Akadondosha kwenye saruji. Povu likatoka.

"Unachemka," alisema.

"Ni saruji, Mtaalamu. Saruji huchemka."

"Saruji haipatikani mita mia mbili na kumi na mbili," Mtaalamu alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. "Kwa hiyo si saruji."

"Na vigae?"

"Vigae vilevile havipatikani. Umeona sasa? Dada, usiogope kitu kwa sababu ni kipya. Huu ni Mwamba Waridi. Dunia nzima hawana. Tunao sisi."

Meneja akachomoa ile barua nusu, akampa kalamu. "Saini hapo chini. Ukisaini, hii yako."

Dada Lenzi aliitazama ile pembe nyeupe ya karatasi. Mate yalimkauka, na mate ni kifaa chake cha kazi.

"Sisaini sakafu," alisema. "Naweza kuwaonyesha ilikotoka."

"Wapi?"

"Kwa mama mkwe wangu. Sebuleni."

Meneja na Mtaalamu wakatazamana.

"Ni mbali?" Mtaalamu aliuliza.

"Dakika ishirini."

Basi wakaondoka kwa pikapu ya Meneja. Kile kipande cha sakafu kiliwekwa kiti cha mbele, kikafungwa mkanda. Meneja akaendesha. Mtaalamu akakaa nyuma ameinama mbele, mkono mmoja juu yake, kisije kikashtuka kwenye matuta. Dada Lenzi alipanda kule nyuma kwenye bodi, na upepo.

Mama mkwe aliwapokea mlangoni, mtoto kiunoni.

"Karibuni. Vueni viatu, nimedeki."

Wakavua. Soksi ya Mtaalamu ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa kimetoka kupunga hewa. Mtoto akakishangaa.

Dada Lenzi hakukaa. Alikwenda moja kwa moja pembeni ya sebule, kwenye sinki la kunawia mikono, akafunua mkeka uliotandikwa pale juzi. Pale chini palikuwa na shimo, mviringo, safi, lenye upana wa mchi. Akaingiza mkono, akatoa kijiko, soksi ndogo na nusu biskuti.

"Yangu," mtoto alisema.

"Najua, mwanangu." Akampa biskuti, akageuka. "Mama, hili shimo limetoka wapi?"

"La bomba la sinki hilo, bado halijatiwa. Si unashinda kambini? Fundi alikuja juzi kulitoboa."

"Fundi gani?"

Mama mkwe akaanza kumfunga mtoto kifungo ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Dada Lenzi akachukua kile kipande mikononi mwa Mtaalamu, akapiga magoti, akakiteremsha shimoni. Kikashuka polepole, kikatua. Waridi la samawati likaungana na majani yake kwenye vigae vya pembeni, jani kwa jani. Hata wembe usingepita.

"Mmeona," alisema, na pumzi ikamshuka mpaka tumboni.

Meneja alijikuna shingo. "Mmh. Kweli, Mtaalamu, hapa inaonekana kama..."

"Tulia." Mtaalamu alikuwa ameshuka chini, mikono na magoti, anatambaa. Akafika kwenye kabati la vyombo, akageuka, akarudi. Akatoa dira mfukoni, akaiweka juu ya kigae. Alipoinuka, macho yalikuwa yamelowa.

"Ni mwamba ule ule," alisema. "Meneja, umetokeza."

"Nini kimetokeza?"

"Mwamba Waridi. Kule kwenye mtambo umezama mita mia mbili na kumi na mbili. Hapa umetoka juu kabisa. Ni tabaka moja, limeinama. Tangu tuingie, tumesimama juu yake." Na aliposema hivyo akakaa chini, kwa heshima.

"Hakuna kilichoinama hapa," mama mkwe alisema. "Fundi alipima kwa pima maji."

"Mwenyeji anathibitisha kwamba ulipimwa," Mtaalamu alimwambia Meneja. "Andika. Mama, mwamba huu unakwenda mpaka wapi?"

"Upi, vigae? Mpaka chumba cha kulala. Jikoni viliisha."

"Tabaka linaishia jikoni. Andika."

"Viliisha dukani," mama mkwe alieleza.

"Na dukani pia upo," Mtaalamu alisema taratibu, na Meneja akalazimika kumshika bega.

 Kuna uongo unaoweza kuubishia. Huu ulikuwa umevua viatu, umekaa sakafuni, una dira.

"Leteni mtambo," Mtaalamu aliamuru. "Tunachimba hapa. Leo." Akachukua chaki, akachora alama ya msalaba chini ya kiti cha mama mkwe, kile chenye kitambaa cha kufuma. "Na kabla haujafika, fomu iwe imesainiwa. Bila saini ya mwanajiolojia wa kambi, mtambo hautoboi hata andazi."

Meneja akapiga simu. Kisha akachomoa barua, safari hii yote, akaiweka juu ya meza ndogo, kando ya fomu na kalamu.

"Dada yangu," alisema kwa sauti ya chini, "mimi mwenyewe nina watoto. Andika jina lako, tule mkate wetu."

Dada Lenzi aliomba dakika mbili, akaingia jikoni. Mama mkwe akamfuata.

"Mwanangu, ungewasainia tu. Waridi lenyewe zuri."

"Mama, watavunja sebule yako."

"Sebule itajengwa. Kambi ya mbali ile je? Huyu hapa?" Mtoto alikuwa anapaka biskuti kwenye ukosi wa bibi yake.

Dada Lenzi alimchukua, akanusa kichwa chake, pale katikati, panaponuka mafuta na jua.

"Nikisaini jiwe la uongo leo, Mama, kesho atakayeniletea la kweli atakuwa nani? Watakuwa wananiletea vigae tu mpaka nistaafu."

Alirudi sebuleni na mtoto kiunoni. Akachukua kalamu. Katika kazi yao fomu haifutwi kwa kifutio. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya neno, unaweka herufi za jina lako pembeni, na kosa linabaki linasomeka milele. Akapiga mstari juu ya rangi, juu ya ugumu, juu ya zile petali tano. Chini yake akaandika: Sentimita kumi na moja, IMEPOTEA. Nafasi imejazwa na sakafu ya nyumba. Akasaini jina lote, la baba na la babu.

Meneja alisoma. Akachukua barua kutoka mezani, akaisukuma mfukoni kwa kidole mpaka pembe ikapotea.

"Basi tutaonana Ijumaa," alisema. Hakuonekana amefurahi.

Mtaalamu aliipiga picha ile fomu kwa simu, akaituma kwa Mkurugenzi. "Aone mwenyewe mtu mnayemlea."

Nje, dirisha likaanza kutetemeka, halafu vikombe kabatini, halafu meno ya watu. Mtambo umefika. Ni lori la tani kumi na nane lenye mlingoti mgongoni, na lilikuwa limezuia mtaa mzima. Mzee Bomba akashuka.

Msomaji, nimeshuhudia mafundi mitambo wengi. Sijawahi kumwona aliyekuja kuchimba akiwa amechana nywele, shati limepigwa pasi, na marashi yanayofika mlangoni kabla yake.

Alivua viatu bila kuambiwa. Alijua hata vinakowekwa.

"Shikamoo, Mzee," alisema Dada Lenzi, macho kwenye vile viatu.

"Marahaba." Mzee Bomba hakumtazama. "Mnataka nichimbe wapi?"

Mtaalamu akaonyesha ule msalaba wa chaki. Mzee Bomba akautazama. Akatazama kiti kilichokuwa juu yake. Akamtazama mama mkwe, naye mama mkwe akatazama pazia.

"Hapana," alisema Mzee Bomba.

"Hapana nini?"

"Hapo sichimbi. Hapo ndipo anapokaa akisikiliza redio."

"Mzee, hiyo ni amri," Meneja alisema. "Mwamba Waridi uko chini ya hicho kiti."

"Hakuna Mwamba Waridi." Mzee Bomba akavuta pumzi ya mtu anayeingia maji baridi. "Kile kigae nilikitia mimi kwenye trei. Huyu binti amesema kweli tangu saa nane, na mimi nilikimbilia kufuta viatu."

Mtaalamu akasimama, kidole gumba kikatangulia.

 Dada Lenzi akachomoa kibao kidogo mfukoni mwa koti lake la kazi, akampa pamoja na kalamu. "Andika basi, Mzee. Haina aibu. Miaka ishirini na miwili, sentimita kumi na moja tu zimepotea."

Mzee Bomba alikipokea kile kibao, akamrudishia.

"Tatizo, mwanangu," alisema, "hazikupotea."

"Zimekwenda wapi?"

 Aliyejibu ni mama mkwe, kutoka upande wa pazia.

"Ziko chumbani kwangu."

Hata mtoto aliacha kutafuna.

"Alikuja juzi kutoboa shimo la sinki kwa meno ya akiba ya mtambo," mama mkwe aliendelea, akinyoosha kitambaa kilichokuwa kimenyooka. "Kazi safi. Nikamwambia, fundi, una mikono lakini huna adabu, kila siku unaingia nyumba ya mjane huleti hata ua. Kesho yake akaniletea jiwe."

"Lilitoka asubuhi ile," Mzee Bomba alisema. "Nikaliona, nikamkumbuka. Nikalitoa kwenye trei. Lakini trei ikabaki na pengo, na mimi sina tabia ya pengo. Nikapima kile kipande cha sakafu yake kilichokuwa kwenye sanduku langu la vifaa. Kilitosha, kama kilitumwa."

"Mzee," Dada Lenzi alisema, "wewe na mama mkwe wangu?"

"Wiki ya tatu sasa," mama mkwe alijibu. "Wewe unashinda kambini."

Na mwanamke huyu, aliyelea watoto watano na kuzika mume, akaingia chumbani kwa hatua za binti wa shule, akatoka na kitu kimefungwa kwenye leso. Akakifungua kama anayefungua yai.

Jiwe jeusi. Mviringo. Sentimita kumi na moja.

"Naomba, Mama."

"Angalia tu. Usililambe."

Dada Lenzi alililowesha chini ya bomba la sinki. Akaweka lenzi kwenye jicho, akalisogeza jiwe karibu. Mstari mwembamba ulipita katikati ya weusi kama njia ya mchwa, na mstari ulikuwa wa manjano. Akajizuia kushangilia. Manjano ya mawe yamefanya watu wazima wengi waonekane wajinga. Akachomoa pini kwenye nywele, akaigusisha pale. Manjano ya uongo yangevunjika yakatoa unga. Haya hayakuvunjika. Pini ilizama kidogo na kuacha alama, kama kucha kwenye sabuni.

Akagusisha tena. Ikazama tena.

"Meneja," alisema taratibu, "ni dhahabu."

Meneja akakaa. Alikaa juu ya redio.

"Ni ya kwangu," mama mkwe alisema.

Hapo ndipo simu ya Mtaalamu ilipolia. Mkurugenzi. Mtaalamu akaweka sauti kubwa ili wote wasikie mtu akifukuzwa kazi.

"Nani amesaini hii fomu?" sauti iliuliza.

"Mwanajiolojia wa kambi, Mkurugenzi. Nimekutumia kama ushahidi wa..."

"Miaka kumi na mbili," sauti ilimkata, "napokea fomu kutoka kambi tisa. Ukizisoma utadhani nchi nzima tumeitoa kama meno, hakuna hata chembe iliyodondoka. Leo ndiyo mara ya kwanza namwona mtu ameandika IMEPOTEA. Na akasaini jina la babu. Meneja yupo?"

"Nipo, Mkurugenzi." Redio chini yake ikaanza kuimba.

"Mpe barua yake. Sasa hivi, nisikie karatasi."

Meneja akaitoa. Karatasi ikasikika.

"Shimo lifungwe," Mkurugenzi aliendelea. "Kama mita zile hazina kitu, hazina kitu. Kesho mtambo uhame, wafanyakazi wote walipwe wapumzike. Binti, unanisikia?"

Dada Lenzi aliliweka jiwe kwenye mkono wa kiti, kile cha msalaba, akapokea simu kwa mkono wa kulia na barua kwa wa kushoto. Barua ilikuwa na jina lake, lote, limeandikwa bila kosa. Mtoto alimshika mguu.

"Nakusikia, Mkurugenzi."

"Nataka kusikia kwa mdomo wako tu, niende kwenye kikao na amani. Ulichosaini ni kweli?"

Sebule nzima ikamtazama. Meneja alimtingishia kichwa: sema ndiyo. Mtaalamu naye akamtingishia, naye alikuwa hajui kwa nini. Neno moja dogo, na barua inabaki mkononi, na jioni zote zinabaki nyumbani. Na saini yake ya kwanza ya kudumu ingekuwa chini ya uongo, kwa kuwa kilichoandikwa kimepotea kilikuwa pale karibu na kiwiko chake, kimelowa.

"Ilikuwa kweli," alisema Dada Lenzi, "mpaka dakika tano zilizopita."

 Walisikia kalamu ikiwekwa mezani, huko mbali.

"Endelea."

Akaendelea. Alieleza lile jiwe, pini, na njia ya manjano. Alieleza na waridi, na alipofika kwenye marashi alipunguza sauti. Mkurugenzi hakumkatiza hata mara moja.

"Hiyo barua," alisema mwishowe, "usiifungue wala usiirudishe. Nakuja mwenyewe, nina saa moja barabarani. Nikifika niione hiyo sampuli kwa macho yangu, ndipo nitajua kama barua ni yako au ni ya kuchanwa. Na jiwe lisitoke mkononi mwako. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Dada Lenzi akakata simu, akanyoosha mkono kwenye kiti.

Kitambaa cha kufuma kilikuwa na alama ya maji, mviringo. Jiwe halikuwepo. Mama mkwe hakuwepo. Pale mlangoni, viatu vya Mzee Bomba havikuwepo.

Vikombe vikaanza kutetemeka kabatini.

Dada Lenzi alimnyakua mtoto, akatoka mbio miguu mitupu mpaka barazani. Mtambo wa tani kumi na nane ulikuwa unatoka mtaani kwa mwendo wa konokono, mlingoti ukiburuta kamba ya nguo za majirani watatu, mashuka yanapepea nyuma kama msafara wa harusi. Dirishani, upande wa abiria, mama mkwe alikuwa amekumbatia leso yake kifuani, na kwa mkono uliobaki alikuwa anampungia mjukuu.

Mjukuu, kwa furaha yote, akampungia pia.